Kanieneo ya Mkoko: Jinsi Mwendo wa Maji Katika Seli za Mimea Ulivyopimwa

Maji ya bahari yanapojaa katika delta ya Rufiji, hasa siku za bamvua, mizizi ya mikoko hufunikwa na maji yenye chumvi ya takriban gramu 35 kwa kila lita. Mmea wa kawaida ukimwagiwa maji hayo hunyauka na kufa. Mkoko unayanywa, unachanua, na unaangusha miche yake topeni. Kwa wakazi wa wilaya ya Kibiti, wawe wa Dimani, Salale, Mbuchi au Msala, jambo hili ni la kila siku. Kwa sayansi lilikuwa fumbo zito, na kulifumbua kulihitaji zaidi ya karne mbili za kutengeneza vyombo vya kupimia.

Kiini cha fumbo ni utando mwembamba unaozunguka kila seli hai. Utando huo unaruhusu maji kupita na kuizuia chumvi. Maji, yakiachwa yenyewe, hupenya kuelekea upande wenye chumvi au sukari nyingi zaidi. Ndiyo osmosisi tunayofundishwa shuleni. Kwa sheria hiyo, bahari ingepaswa kuunyonya mkoko hadi ukauke. Uvutaji wa maji ya bahari ni sawa na kanieneo ya atmosfia 25 hivi. Ili mzizi upate maji baridi kutoka katika maji hayo, lazima uvute kwa nguvu kubwa kuliko hiyo. Je, nguvu hiyo ipo? Ni kiasi gani? Na maji yanapita wapi? Historia hii inafuata jinsi kila chombo kipya kilivyojibu swali moja na kuzaa jingine, hadi maswali yenyewe yakarudi kwenye ukanda wetu wa pwani.

Kabla ya vipimo: ujuzi wa wakata boriti

Kwa karne nyingi majahazi yalibeba boriti za mikoko kutoka pwani ya Afrika Mashariki hadi Uarabuni na Ghuba ya Uajemi, ambako miti ya kujengea ilikuwa adimu. Rufiji ilikuwa moja ya ghala kuu za biashara hiyo. Gome la mikoko nalo lilitafutwa kwa ajili ya kutengeneza ngozi. Faida hiyo ndiyo iliyoufanya utawala wa Wajerumani uanze kuisimamia misitu ya delta mwaka 1898.

Wakata boriti walikuwa na vipimo vyao. Walijua kwamba mlilana, moja ya aina za mikoko, husimama mbele, ukitazama bahari. Walijua kwamba mkomafi na msikundazi huzidi kuonekana kadiri mtu anavyopanda mto na maji kupungua chumvi. Walijua pia kwamba jani la mchu likilambwa lina chumvi juu yake, na la aina iitwayo hasa mkoko halina. Kila mti ulikuwa ushahidi wa maji yaliyo chini yake. Ujuzi huo ulitosha kuchagua mti na mahali pa kukata, lakini haukuweza kusema kwa nini miti miwili inayonywa maji ya hori moja inatofautiana kwenye majani.

1748–1877: kutoka kibofu hadi chungu

Vipimo vya kwanza havikugusa mmea. Mwaka 1748 mtumishi wa kanisa wa Ufaransa, Jean-Antoine Nollet, alijaza pombe kali katika chupa, akaifunga mdomo kwa kibofu cha mnyama, kisha akaizamisha majini. Kibofu kilivimba. Maji yalikuwa yameingia kwa wingi kuliko pombe iliyotoka. Nollet aliona tukio, lakini hakuwa na njia ya kulieleza kwa tarakimu.

Miaka 80 hivi ikapita kabla Mfaransa mwingine, Henri Dutrochet, hajaligeuza tukio hilo kuwa kipimo. Alifunga kibofu chenye maji ya sukari kwenye mrija wa kioo uliosimama wima. Maji yalipopenya kibofu, kimiminika kilipanda mrijani, na kimo chake kikaonyesha nguvu iliyokisukuma. Dutrochet alitambua kwamba nguvu hiyo ndiyo inayofanya kazi ndani ya mimea. Tatizo lilikuwa kibofu chenyewe: kilivuja sukari, na kililegea kanieneo ilipopanda.

Moritz Traube, mfanyabiashara wa mvinyo aliyefanya sayansi nyumbani, alipata dawa ya tatizo hilo mwaka 1867. Aligundua kwamba baadhi ya kemikali zikikutana hutengeneza utando bandia unaopitisha maji na kuzuia vilivyoyeyuka ndani yake. Utando huo ulikuwa dhaifu mno, ukipasuka kwa mguso mdogo.

Hapo ndipo mtaalamu wa mimea Wilhelm Pfeffer alipoleta mageuzi ya kweli. Badala ya kuuacha utando ukining'inia, aliutengeneza ndani ya vitundu vya ukuta wa chungu kidogo cha udongo. Udongo ukabeba mzigo, utando ukachuja. Katika kitabu chake cha mwaka 1877 alionyesha kwamba maji yenye sukari asilimia 1 huzaa takriban theluthi mbili ya atmosfia, na yenye asilimia 6 huzaa karibu atmosfia 4. Sukari ikiongezeka mara sita, kanieneo nayo huongezeka karibu mara sita. Pfeffer alikuwa amejenga, bila kukusudia, mfano wa seli ya mmea: ukuta mgumu nje, utando mwembamba ndani yake.

1884–1914: tarakimu zinaingia ndani ya seli

Mholanzi Hugo de Vries aliona kwamba seli hai yenyewe inaweza kuwa kipimo. Alichukua ngozi ya jani yenye seli za rangi ya zambarau, akaitia katika maji ya chumvi yaliyozidishwa ukali hatua kwa hatua, huku akitazama kwa hadubini. Ukali ulipofikia kiwango fulani, maji yalitoka na utando ukajitenga na ukuta wa seli. Kiwango hicho ndicho kilicholingana na ukali wa maji ya ndani ya seli. Alichapisha matokeo hayo mwaka 1884. Njia yake bado inafundishwa mashuleni kwa sababu inahitaji kioo, chumvi na hadubini tu.

De Vries alimsimulia mwenzake wa Amsterdam, Jacobus van 't Hoff, habari za chungu cha Pfeffer. Van 't Hoff akazitazama zile tarakimu na kuona kwamba zinafuata kanuni ileile inayotawala gesi. Kazi hiyo ilichangia kumpa Tuzo ya Nobel ya Kemia ya kwanza kabisa, mwaka 1901. Tangu hapo, ukijua kiasi cha chumvi unaweza kukokotoa uvutaji wake. Ile atmosfia 25 ya bahari hutokana na kanuni hiyo.

Upande wa pili wa mizani ulibaki mtupu. Mwaka 1894 Henry Dixon na John Joly wa Dublin walidai kwamba majani yanapopoteza mvuke huvuta nyuzi za maji zisizokatika kutoka mizizini hadi juu. Kama ni kweli, maji ndani ya mti yako katika kanieneo hasi: hayasukumwi kutoka chini, yanavutwa kutoka juu. Wapinzani walikuwa wengi, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuipima hali hiyo bila kuivuruga. Dixon alijaribu kufungia tawi katika chombo cha kioo na kulibana kwa gesi. Kioo kililipuka. Wazo lilikuwa sahihi, ila chombo cha kulihimili hakikuwepo, na swali likalala kwa nusu karne.

1955–1968: mikoko inatoa jibu

Aliyeliamsha swali hilo alikuwa Per Scholander, mtafiti mwenye asili ya Skandinavia aliyefanya kazi katika Taasisi ya Scripps huko California. Alivutiwa na viumbe wanaoishi mahali pagumu, na mwaka 1955 tayari alikuwa amechapisha utafiti wa jinsi mizizi ya mikoko inavyopumua topeni. Mwaka 1962 yeye na wenzake walionyesha kile ambacho wakata boriti walikionja kwenye majani. Mikoko inayotoa chumvi kwa majani, jamaa ya mchu wetu, ina chumvi kidogo kwenye maji yanayopanda shinani, takriban sehemu moja ya kumi ya ile ya bahari. Mikoko isiyotoa chumvi, kama jamaa ya mkoko wenyewe, inayo kidogo zaidi, mara kumi chini ya hapo. Kwa hiyo chumvi nyingi huachwa nje, mlangoni mwa mzizi.

Kuichuja bahari kwa namna hiyo kunadai nguvu kubwa. Scholander akarudia wazo la Dixon, safari hii kwa chombo cha chuma. Tawi hukatwa, majani hutiwa ndani ya chombo, na ncha iliyokatwa hutokezwa nje kupitia kizibo cha mpira. Mara tawi linapokatwa, maji yaliyokuwa yakivutwa hurudi nyuma ndani ya tawi. Mpimaji hufungulia gesi ya naitrojeni kidogo kidogo hadi maji yaonekane tena kwenye ncha. Kanieneo inayosomeka wakati huo ni sawa na mvuto uliokuwamo tawini kabla halijakatwa.

Matokeo yalitoka mwaka 1965, yakiwa na majina ya Scholander, Hammel, Bradstreet na Hemmingsen. Katika msitu wenye unyevu walipata atmosfia hasi 4 au 5. Jangwani walifika hasi 80. Kwa miti mirefu ya misonobari walimtumia mlenga shabaha aangushe matawi ya kileleni kwa bunduki, na wakakuta mvuto ukiongezeka kadiri ya kimo. Mikoko na mimea mingine ya chumvini ilikuwa kati ya hasi 35 na 60, usiku na mchana. Bahari inavuta kwa 25. Mkoko unaishinda kila saa.

Ushahidi wa mwisho ulikuja mwaka 1968. Scholander alikata vichwa vya miche ya mikoko, akatia mizizi yake katika maji ya bahari ndani ya chombo na kuyasukuma kwa gesi. Kwenye ncha zilizokatwa yalitoka maji yenye chumvi kidogo sana. Sumu zinazozima upumuaji wa seli hazikubadili jambo hilo. Mzizi ulichuja bila kutumia nguvu yake wenyewe. Kazi yote hufanywa na jua linalokausha majani na utando unaoizuia chumvi.

1956–1978: sindano ndani ya seli moja

Chombo cha Scholander kilipima tawi zima, lenye mamilioni ya seli. Hakikuweza kusema utando wa seli moja unapitisha maji kwa kasi gani. Nchini Japani, mwaka 1956, Noburo Kamiya na Masashi Tazawa walitumia mwani wa maji baridi ambao seli yake moja ina urefu wa sentimita kadhaa. Waliipitisha seli katika ukuta uliotenganisha vyumba viwili, wakatia sukari upande mmoja, kisha wakapima maji yaliyovuka ndani ya seli kutoka upande mmoja hadi wa pili. Ilikuwa hatua kubwa, lakini seli za mpunga au za mkoko haziwezi kushikwa kwa mkono.

Ulrich Zimmermann na Ernst Steudle, huko Jülich nchini Ujerumani, walilitatua hilo. Mwaka 1978, pamoja na Dieter Hüsken, walieleza chombo chenye mrija wa kioo uliochongwa ncha hadi mikromita chache na kujazwa mafuta. Ncha inapotoboa seli, maji ya ndani huingia mrijani na kuyasukuma mafuta, na mpaka wa vimiminika hivyo viwili huonekana kwa hadubini. Mpimaji huyasukuma mafuta hadi mpaka urudi mahali pake, na kihisio humwonyesha kanieneo ya seli. Mara nyingi seli ya mmea huwa na atmosfia 3 hadi 8, kwa hiyo hata iliyo dhaifu huushinda upepo wa tairi la gari dogo.

Kisha kinakuja kipimo chenyewe cha utando. Mpimaji huongeza kanieneo ghafla na kuangalia inachukua muda gani kupungua nusu, maji yanapovuka utando kwenda nje. Muda mfupi una maana ya utando unaopitisha maji kwa wepesi. Muda mrefu, utando unaobana. Ukijua pia ukubwa wa seli, eneo la utando wake na ugumu wa ukuta wake, unapata tarakimu ya upitishaji maji.

Tarakimu hizo zilileta mashaka mapya. Utando wa seli umeundwa kwa mafuta, na mafuta hayapatani na maji. Katika seli nyingi maji yalivuka haraka kuliko ilivyotarajiwa. Na zebaki ilipotiwa, kasi ilishuka. Kulikuwa na mlango uliokuwa ukizibwa, lakini hakuna aliyekuwa ameuona.

1988–2006: mlango unapatikana

Mlango ulipatikana kwa bahati, na katika damu badala ya mmea. Mwaka 1988 Peter Agre wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, akichunguza chembe nyekundu za damu, alikuta protini asiyoijua kazi yake. Mwaka 1992 yeye na wenzake waliingiza maelekezo ya kuitengeneza protini hiyo katika mayai ya chura wa kusini mwa Afrika, kisha wakayatia mayai katika maji yenye chumvi kidogo. Mayai yenye protini yalivimba na kupasuka kwa dakika chache. Yasiyo nayo hayakuonyesha badiliko kubwa. Zebaki ilizuia uvimbe huo. Mlango wa maji ulikuwa umejulikana, ukaitwa akwaporini, na Agre akagawana Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2003.

Mimea haikuchelewa. Mwaka 1993 Christophe Maurel na wenzake walionyesha, kwa mayai yaleyale ya chura, kwamba protini ya mmea mdogo wa maabara uitwao Arabidopsis ni mlango wa maji. Baadaye ilihesabiwa milango ya aina 35 katika mmea huo na 33 katika mpunga. Binadamu tuna aina 13. Mmea hauwezi kuhama kufuata maji, kwa hiyo umejipatia njia nyingi za kuyaongoza.

Ugunduzi mwingine wa mwaka 2003 unawahusu moja kwa moja watu wa nchi za mafuriko. Kundi la Maurel lilieleza kwa nini mmea uliozama mizizi hunyauka ilhali umesimama majini. Mizizi ikikosa oksijeni, ndani ya seli huwa tindikali, na tindikali hiyo huifunga milango ya akwaporini. Mwaka 2006 umbo la akwaporini ya mchicha wa spinachi lilipopatikana, likaonyesha jinsi sehemu ya protini hiyo inavyojikunja na kuziba tundu.

2004–2009: vipimo vinafika Gazi

Karibu na sisi, kituo kikuu cha kazi hii kimekuwa ghuba ya Gazi, kusini mwa Mombasa. Huko watafiti wa Ubelgiji kama Anouk Verheyden, Nele Schmitz, Elisabeth Robert na Nico Koedam walishirikiana na James Kairo wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya. Walisoma mti wenyewe kama kumbukumbu ya maji. Katika mkoko, mishipa ya maji huwa mingi zaidi kwa kila eneo la mti pale chumvi inapozidi, na hupungua katika sehemu ya mti iliyokua msimu wa mvua. Mvuto mkali huweza kukata uzi wa maji kwa kuingiza hewa. Mishipa ikiwa mingi, mmoja ukiharibika mingine huendelea.

Maana yake ni kubwa. Boriti ya mkoko ina habari za masika na kiangazi vilivyopita, na anayejua kuisoma anaweza kusema mti uliishi katika maji ya namna gani.

Rufiji: swali lililobaki wazi

Mwaka 1991 Profesa Adelaida Semesi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliandaa mpango wa kusimamia mikoko ya Tanzania Bara. Hesabu za wakati huo zilionyesha hekta takriban 115,500, na Rufiji peke yake karibu 53,000. Mwaka 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa likaingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa.

Wakati huohuo delta ilikuwa ikibadilika. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 maji mengi ya mto yalielekea upande wa kaskazini. Maji baridi yakawavuta wakulima, mikoko ikafyekwa, mpunga ukapandwa. Kilimo hiki kinategemea mafuriko kuiosha chumvi. Mpunga huanza kupoteza mavuno chumvi ya udongo inapozidi desisimensi 3 kwa mita, wakati maji ya bahari yana karibu 50. Mkulima anayeona majani ya mpunga yakikauka ncha baada ya bamvua anaona mpunga ukishindwa kuvuta maji kutoka udongoni. Mkoko uliofyekwa shambani mwake ulikuwa na nguvu hiyo.

Mwezi Desemba 2022 Bwawa la Julius Nyerere, lililojengwa katika mto huohuo wa Rufiji, lilianza kujazwa maji. Lina uwezo wa megawati 2,115, na taifa linauhitaji umeme huo. Lakini bwawa hubadilisha ratiba ya mto: kiasi cha maji ya masika, kiasi cha kiangazi, na tope linalofika pwani. Aprili 2024 mafuriko makubwa yaliikumba Rufiji na Kibiti, yakaharibu nyumba na mashamba. Mahali ambapo maji chumvi na maji baridi hukutana hapatabaki palepale, na kila hatua yake itaonekana kwanza ndani ya seli, kabla jani halijabadilika rangi.

Hiyo ndiyo sababu historia hii haipaswi kubaki maabara za ng'ambo. Chombo cha Scholander kinabebeka kwenye mtumbwi. Kipimo cha chumvi ya udongo ni cha bei nafuu. Njia ya de Vries inaweza kufanywa na wanafunzi wa sekondari wa Kibiti. Kinachotakiwa ni ratiba: matawi ya mikoko yapimwe kabla ya mapambazuko, kwenye mahori yaleyale, masika na kiangazi, pamoja na chumvi ya udongo wa mashamba ya mpunga, na matokeo yasomwe mbele ya wakulima wenyewe. Vyuo vyetu, wasimamizi wa misitu na bodi ya maji ya bonde la Rufiji wakiianza kazi hiyo sasa, maamuzi ya kiasi cha maji ya kuachia kutoka bwawani yatatokana na tarakimu za delta yenyewe. Wakichelewa, tutakuja kuyajua mahitaji ya mikoko na mpunga baada ya kuvipoteza.